Ukisikia redioni kwamba dawa mpya imepatikana

Weka daftari karibu na redio, na kalamu inayoandika. Habari ya gazetini unaweza kuirudia mstari kwa mstari. Ya redio ikipita imepita, na kinachobaki kichwani ni maneno makubwa tu: tiba, mapinduzi, ya kwanza duniani. Yale yaliyotajwa harakaharaka katikati, kwamba waliojaribiwa ni panya, kwamba ni watu kumi na wawili, kwamba ni miezi mitatu, ndiyo habari yenyewe, na ndiyo yanayotangulia kupotea.

Nimefanya kazi ya maabara hapa Morogoro mpaka nikastaafu, zaidi upande wa makohozi na damu. Tangu nirudi nyumbani, taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikiisha watu huanza kupita barazani. Wananiita dokta. Mimi si daktari, lakini huku mtaani kila aliyewahi kuvaa koti jeupe ni dokta, na nimechoka kukanusha. Ninayowaambia ndiyo haya. Hayahitaji elimu ya chuo. Yanahitaji masikio na hesabu ya darasa la saba.

Aliyepewa dawa ni nani?

Hili ndilo la kwanza kuandika. Je, ni seli ndani ya kisahani cha kioo, ni panya, ni watu wachache, au ni maelfu ya wagonjwa? Mtangazaji makini hulitaja. Asipolitaja, weka alama ya kuuliza hapo kwenye daftari na usimsimulie mtu bado.

Mama mmoja mwenye genge la mboga hapa jirani alinijia mwaka 2025 akiwa na furaha kweli.

"Shikamoo dokta."

"Marahaba mama, karibu."

"Dokta, sindano za sukari basi tena! Wamesema wamepandikiza seli, watu wameacha insulini."

"Wamesema watu wangapi?"

Hakukumbuka, na simlaumu. Habari aliyoisikia ilikuwa ya kweli. Kampuni ya Vertex ya Marekani ilikuwa imechapisha matokeo ya seli zinazokuzwa maabara, zikatiwa mwilini ili zitengeneze insulini. Kati ya watu 12 waliopewa dozi kamili, 10 walikuwa wameacha insulini baada ya mwaka mmoja. Ni jambo kubwa, sitaki mtu alidharau. Lakini wote walikuwa na kisukari cha aina ya kwanza, tena cha kundi lile ambalo sukari hushuka ghafla mpaka mtu anazimia. Mama yule ana aina ya pili. Juu ya hapo, anayepokea seli hizo hana budi kumeza dawa za kupunguza nguvu ya kinga ya mwili ili mwili usizikatae, na mshiriki mmoja wa utafiti ule alifariki kwa homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na fangasi, ugonjwa unaopenda miili ambayo kinga yake imeshushwa. Nikamwambia: mama, hiyo habari ni njema, ila bado si ya kwako. Endelea na vidonge vyako, na Jumanne ukapime sukari kama kawaida.

Panya nao wana historia yao. Mei 1998, New York Times liliweka ukurasa wa kwanza habari ya vitu viwili, endostatin na angiostatin, kutoka maabara ya Judah Folkman huko Boston. Vilikuwa vinazuia uvimbe wa saratani usijijengee mishipa ya damu, na kwa panya uvimbe ulinywea. Habari ilitoka Jumapili. Jumatatu hisa za kampuni ndogo ya EntreMed, zilizokuwa kama dola 12, ziligusa dola 85. Folkman mwenyewe alikuwa muungwana. Alisema kama una saratani na wewe ni panya, basi wanaweza kukuhudumia vizuri. Marekani haikuja kuidhinisha hata kimoja kati ya vile viwili. Wazo lenyewe, la kuunyima uvimbe damu, halikufa: mwaka 2004 iliidhinishwa dawa nyingine inayopita njia hiyo, bevacizumab, kwa saratani ya utumbo mpana. Kwa hiyo ukisikia "panya", usizime redio. Andika tu P kubwa, ujue kuna miaka mbele.

Iko hatua gani?

Ukiona vyaelea, vimeundwa, na kuunda chanjo huchukua umri wa mtu. Kwa hili huwa natumia chanjo ya malaria ya RTS,S, kwa sababu sehemu ya safari yake ilipita kwetu.

Ilianza kutengenezwa mwaka 1987, kwa ushirikiano wa kampuni ambayo leo inaitwa GSK na taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani ya Walter Reed. Jaribio lake kubwa lilianza 2009 likaisha 2014: watoto 15,459, vituo 11, nchi 7 za Afrika. Tanzania ilikuwa na Bagamoyo na Korogwe. Kenya ilikuwa na Kilifi, Siaya na Kombewa. Matokeo ya awali yalitangazwa 2011. Ya mwisho yalichapishwa 2015, na mwaka huohuo wadhibiti wa dawa wa Ulaya wakatoa maoni mazuri juu yake. Shirika la Afya Duniani halikusema "tumieni" hapohapo. Lilitaka kwanza kuona itakwendaje kwenye kliniki za kawaida, zile za mama kubeba mtoto mgongoni na kadi mkononi, na hilo lilianza 2019 Malawi, Ghana na Kenya. Pendekezo la kuitumia lilitoka tarehe 6 Oktoba 2021. Kuanzia 1987 ni miaka 34.

Sasa mfikirie msikilizaji aliyesikia "chanjo ya malaria yapatikana" mwaka 2011, akasikia tena 2015, tena 2019, tena 2021. Kama hakuandika hatua, mara ya tatu lazima aseme hawa watu wanatuchezea. Hakuna aliyemchezea. Kila habari ilikuwa ya kweli, na kila moja ilikuwa ya hatua yake.

Kwa hiyo kwenye daftari, mbele ya kila habari, andika mojawapo ya haya: kisahani, panya, watu wachache (hapo wanatafuta usalama), watu maelfu (hapo wanatafuta kama inafanya kazi), imeidhinishwa huko, imependekezwa na Shirika la Afya Duniani, imesajiliwa kwetu, ipo zahanati. Kati ya "imependekezwa" na "ipo zahanati" kuna bajeti, zabuni, majokofu, mafunzo na gari la kuipeleka mpaka kijijini. Hiyo sehemu haitangazwi sana.

Ikilinganishwa na nini?

Mwaka 2011 nchi nzima ilihamia Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alikuwa anatoa kikombe cha dawa ya mizizi ya mti wa mugariga kwa shilingi 500, na foleni ya magari ilikwenda kilomita nyingi porini. Walikuja kutoka Kenya, walikuja kutoka Uarabuni. Sina haja ya kumsema vibaya marehemu. Nasema juu ya namna tulivyosikiliza. Kila jioni redio ilimhoji mtu aliyekunywa na kujisikia nafuu. Aliyekunywa akarudi nyumbani akazidiwa hakuwa na kipaza sauti. Wala hakuna aliyeuliza wagonjwa kama hao, ambao hawakwenda, wiki hiyo walikuwa na hali gani.

Magonjwa mengi yana kawaida ya kupanda na kushuka. Maumivu ya mgongo hutulia yenyewe, mafua huisha yenyewe, na mtu huenda kutafuta dawa siku ile ameumwa zaidi, kwa hiyo siku inayofuata ana uwezekano mkubwa wa kuwa afadhali hata kama amekunywa maji ya kisima. Ndiyo maana majaribio ya kweli huwa na kundi la pili. Ukisikia "asilimia 80 walipata nafuu", kalamu iandike: na wale ambao hawakupewa, ni asilimia ngapi?

Katika jaribio la RTS,S, watoto wa miezi 5 hadi 17 waliokuwa kundi la pili walichomwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Mzazi hakujua mwanawe kachomwa ipi, na aliyempima homa hakujua pia. Hapo ndipo hesabu inakuwa na uzito, na mtoto wa kundi la pili naye hakurudi mikono mitupu.

Asilimia ya nini, kwa muda gani?

Chanjo hiyohiyo ina namba mbili ambazo zote zilisomwa redioni. Mwaka 2011: imepunguza malaria kwa asilimia 56. Mwaka 2015: asilimia 36. Watu waliniuliza imeharibika au? Ya kwanza ilikuwa ni kwa watoto wa miezi 5 hadi 17, kwa miezi 12 baada ya kuchanjwa. Ya pili ilikuwa kwa watoto wa umri huohuo, waliopata dozi nne, wakafuatiliwa kwa karibu miaka minne. Kinga hupungua kadiri siku zinavyokwenda, basi. Asilimia ikitajwa bila muda, hujapewa habari kamili.

Tena hiyo 36 isikufanye ubeze. Mtoto wa huku hapati malaria mara moja na kuhitimu. Anaugua, anapona, anaugua tena. Watafiti walihesabu kwamba kwa kila watoto 1,000 waliopata dozi nne, kwa miaka hiyo minne ziliepukwa homa za malaria 1,774. Ndiyo, ni nyingi kuliko idadi ya watoto wenyewe. Ningekuwa mtangazaji ningeisoma hiyo na kuiacha 36, maana mama wa Korogwe anahesabu usiku wa kukesha na mtoto, hahesabu asilimia.

Kuna asilimia nyingine ya kutisha, na hii imeleta madhara. Oktoba 1995 kamati ya usalama wa dawa ya Uingereza ilitangaza kwamba vidonge fulani vipya vya uzazi wa mpango vinaongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Maradufu! Wanawake wakaviacha, wengine siku hiyohiyo, kabla ya kupata njia nyingine. Hatari yenyewe ilikuwa imetoka mwanamke mmoja kati ya 7,000 ikawa wawili kati ya 7,000. Mwaka uliofuata, Uingereza na Wales zilihesabu ongezeko la utoaji mimba la kama 13,000. Na ujauzito wenyewe huongeza hatari ya damu kuganda kuliko vidonge vile.

Dawa ya ugonjwa huu ni moja: badilisha kila "mara mbili", "nusu" na "asilimia" kuwa watu. Kati ya watu 1,000 wasiotumia, ni wangapi wanapatwa? Kati ya 1,000 wanaotumia? Ukishindwa kuandika namba hizo mbili, hujaambiwa, na huwezi kuamua chochote.

Vipimo, na hapa nitakaa kidogo

Vipimo ndiyo kazi yangu, na ndipo wasikilizaji wanapodanganyika zaidi bila mtu kusema uongo. Sentensi yenyewe huwa hivi: "Wanasayansi wametengeneza kipimo kinachogundua ugonjwa fulani kwa usahihi wa asilimia 95." Kila mtu anaelewa kwamba kikisema unao, basi kwa asilimia 95 unao. Sivyo.

Tupige hesabu. Tuseme tumekwenda soko la Chifu Kingalu, tumepima kifua kikuu watu 1,000 waliokuja kununua nyanya. Tuseme kati yao watano kweli wana TB. Kipimo kinakamata 95 katika kila wagonjwa 100, kwa hiyo hao watano kitawapata karibu wote. Vizuri. Wanabaki 995 wazima. Kipimo hukosea kwa wazima 5 katika kila 100, yaani kama watu 50. Mwisho wa siku watu 55 wameambiwa wana TB, na wenye TB ni watano. Kati ya kila 11 walioshtuliwa, mmoja tu ndiye mgonjwa.

Sasa kichukue kipimo hichohicho, usikibadilishe hata skrubu, ukipeleke kliniki ambako watu wamekohoa zaidi ya wiki mbili, wanatoka jasho usiku, wamekonda. Tuseme kati ya 1,000 wa hapo, 200 wana TB. Kitawakamata 190. Kwa wazima 800 kitakosea 40. Walioambiwa wanao ni 230, na 190 wanao kweli. Kutoka mmoja kati ya 11 tumefika zaidi ya wanane kati ya kila kumi, kwa kifaa kilekile! Kilichobadilika ni watu uliowapima.

Kwa hiyo kwa kipimo andika mambo matatu: kinakamata wagonjwa wangapi kati ya 100, kinawaacha salama wazima wangapi kati ya 100, na kitatumiwa kwa nani. Mtengenezaji akikupa namba moja tu, na mara nyingi hutoa moja, hiyo ni ile iliyomfurahisha.

Halafu kuna vipimo vya kupepeta na vipimo vya kuthibitisha. Mchele huupepeta kwenye ungo kwanza, kisha ndipo unakaa chini kuchambua mawe kwa mkono. Hakuna anayeutoa unga na mawe kwa pumzi moja. Hapa Morogoro tuna mfano ambao wageni hupanda ndege kuja kuuona: panyabuku wa shirika la APOPO, pale Chuo Kikuu cha Sokoine. Wamefundishwa kunusa makohozi. Panya hupita juu ya safu ya vitundu, chini ya kila kitundu kuna sampuli iliyokwisha kuuliwa vijidudu kwa joto, na akisikia harufu ya TB husimama hapo. Kazi inayomchukua mtu wa hadubini siku nzima na zaidi, yeye anaimaliza katika dakika chache. Redio za nje hutangaza "panya wanagundua TB" na kuishia hapo. Kinachofuata ndicho muhimu: sampuli aliyoisimamia panya hurudishwa maabara kuthibitishwa, na mgonjwa haanzi dawa kwa sababu ya pua ya panya. Faida yake ni kwamba sampuli hizo nyingi zilikwisha kupita chini ya hadubini kliniki zikaonekana safi. Hadubini hukosa wagonjwa wengi. Nimeitumia maisha yangu yote, naweza kuisema.

Programu za akili unde zinazosoma picha za eksirei ya kifua ziko kundi hilohilo la kupepeta. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali zitumike kwa watu wa miaka 15 na kuendelea kuchuja wanaoshukiwa kuwa na TB. Usikie "wa miaka 15 na kuendelea". Mtangazaji akisema kompyuta sasa inawapima watoto wetu, hapo ameongeza chumvi. Baada ya programu kushuku, mtu anatoa makohozi yanakwenda kwenye mashine kama GeneXpert, ambayo kwa muda usiozidi saa mbili inasema kama vijidudu vya TB vipo na kama dawa ya rifampicin itavishinda au la. Shirika la Afya Duniani liliikubali mashine hiyo Desemba 2010. Ukisikia mashine imezinduliwa mahali, utepe umekatwa, uliza katriji za mwaka mzima ziko wapi, vile vikasha vinavyotiwa makohozi na kuingizwa ndani ya mashine. Bila katriji ile ni meza ghali.

Kifaa kilijaribiwa kwa ngozi gani?

Wakati wa Uviko watu wengi walinunua oksimita, kile kibanio cha kidoleni kinachoonyesha oksijeni kwenye damu. Kinafanya kazi kwa taa mbili, nyekundu na ile isiyoonekana ya infraredi, zinazopenya kidole. Damu yenye oksijeni humeza mwanga huo tofauti na isiyo nayo, na kompyuta ndogo ndani yake inapiga hesabu. Aliyevumbua njia hiyo ni mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, miaka ya 1970. Ni kifaa kizuri, kimeokoa watu wengi.

Lakini rangi ya ngozi nayo humeza mwanga. Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walilinganisha namba za oksimita na damu iliyochukuliwa kwenye ateri. Pale ambapo oksimita ilisema 92 hadi 96, yaani hali si mbaya, damu yenyewe ilionyesha chini ya 88 kwa wagonjwa weusi katika asilimia 11.7 ya vipimo. Kwa wagonjwa weupe ilikuwa asilimia 3.6. Kifaa kilikuwa kimeingia hospitali za dunia nzima kwa miongo kadhaa.

Hivyo kila kifaa kipya kinachotumia mwanga au kamera, iwe saa ya mkononi, iwe programu ya simu inayotazama madoa ya ngozi, swali langu huwa moja: waliojaribiwa walikuwa na rangi kama yangu? Na kama una oksimita nyumbani, futa rangi ya kucha, pasha vidole joto, na tazama namba inashuka au imetulia badala ya kuiamini mara moja. Mtu akihema kwa shida mpeleke hospitali, hata kama kifaa kinasema 95.

Ni chanjo, ni dawa, au ni kinga?

Juni 2024 ilikuja habari ya lenacapavir, sindano ya kuzuia VVU, na sijawahi kuona matokeo kama yale. Uganda na Afrika Kusini, mabinti na wanawake wa miaka 16 hadi 25 wasio na VVU. Waliochomwa lenacapavir walikuwa 2,134, aliyeambukizwa hakuna hata mmoja. Kundi lililokuwa likimeza vidonge kinga vya kila siku vya aina iliyozoeleka lilikuwa na watu 1,068, wakaambukizwa 16. Marekani iliiidhinisha kama kinga Juni 2025, na Julai Shirika la Afya Duniani likaipendekeza.

Mpaka habari inafika kijiweni imeshakuwa "chanjo ya UKIMWI", na aliyekaa pembeni yangu akaongeza kuwa inaponya. Chanjo huufundisha mwili kupigana. Sindano hii haifundishi mwili kitu. Ni dawa inayokaa chini ya ngozi ikitoka polepole kwa miezi sita, kisha lazima uchomwe tena. Ukiacha, kinga inakwisha. Aliyekwisha kuambukizwa haimponyi, na ndiyo maana mtu hupimwa VVU kwanza kabla ya kuchomwa. Kwa hiyo ukisikia sindano yoyote mpya, sikiliza kama wanasema inazuia, inatibu au inaponya, na inarudiwa baada ya muda gani.

Ukipiga simu studioni

Vipindi vya afya siku hizi hualika mtaalamu na kufungua simu. Nafasi hiyo wasikilizaji wengi huimaliza kwa kumsalimia mke, watoto, wafanyakazi wote wa kituo na mzee wa mtaa. Salimia mtangazaji na mgeni, inatosha, halafu uliza swali moja lenye namba ndani yake. Liandike kabla, ulisome. Mathalani: "Daktari, umesema asilimia 70. Ni kwa watu wangapi, kwa muda gani, na ambao hawakutumia ilikuwaje?" Mtaalamu wa kweli hulifurahia swali hilo. Mwenye kuuza bidhaa huanza kusimulia mgonjwa mmoja aliyepona.

Uliza pia mgeni ni nani katika jambo hilo: ni mtafiti, ni mtengenezaji, au ni msambazaji? Si kosa kuwa msambazaji, ila sisi wasikilizaji tujue. Uliza kama dawa au kifaa kimesajiliwa. Tanzania bara wanaohusika ni TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu. Uganda ni Mamlaka ya Taifa ya Dawa. Jibu la "kinauzwa Ulaya nzima" halijibu swali hilo.

Usiulize redioni habari ya dozi yako mwenyewe, na usiipunguze kwa sababu ya kipindi. Hiyo ipeleke kliniki, na daftari lako mkononi, muuguzi ataelewa haraka zaidi ukimwonyesha ulichoandika kuliko ukimwambia "kuna dawa moja hivi wameitangaza."

Swali la mwisho, ambalo watu huona aibu kuliuliza, ni bei. Liulize kwa nchi yako. Lenacapavir ya kinga ilitangazwa Marekani kwa dola 28,218 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Septemba 2025 yakatangazwa makubaliano ya kutengeneza aina isiyo na jina la kampuni kwa kama dola 40 kwa mwaka, kuanzia 2027, kwa nchi 120 za kipato cha chini na cha kati. Dawa ni ileile. Msikilizaji aliyesikia bei ya kwanza tu alikata tamaa bure, na aliyesikia ya pili bila kuusikia mwaka alikwenda zahanati mapema mno. Na mgeni akikutajia bei, muulize kama ni ya kuchomwa mara moja au ya mwaka mzima, maana hizo dola 40 ni za kuchomwa mara mbili.